GTA San Andreas: maswali yanayorudi kila siku kuhusu vitu vilivyokatwa, vilivyofutwa na ambavyo havijawahi kuwepo

San Andreas ni gemu ya kampuni ya Rockstar, unamcheza jamaa wa mtaa wa Grove Street anaitwa CJ. Kabla hujauliza kama Bigfoot, lile zimwi la msituni, yupo, shuka chini, limejibiwa. Haya maswali ni yale yale yanayorudi tangu enzi za kulipa nusu saa kwenye banda la gemu mpaka leo watu wanaicheza kwenye simu, kwa hiyo nimeyaweka sehemu moja. Ukiona nimekwambia nenda swali fulani, nenda, sirudii kitu mara mbili.

## Ya mwanzo kabisa

1. Mnaposema "kitu kilikatwa" mnamaanisha nini?

Hapa ndo vurugu yote inapoanzia, maana watu wanatumia neno moja kwa mambo manne tofauti kabisa. Kuna kitu ambacho watengenezaji walikipanga au wakakianza halafu wakakiacha kabla gemu haijatoka. Kuna kitu kilichotoka na gemu ila kimezimwa, kimo ndani ya diski lakini huwezi kukifikia, na mfano mkubwa ni Hot Coffee, swali la 11. Kuna kitu tulichokicheza kabisa halafu kikafutwa miaka baadaye, kama nyimbo za redio. Halafu kuna kitu ambacho hakijawahi kuwepo popote ila binamu yako aliapa kakiona.

Kwa mahesabu yangu ya kienyeji hilo kundi la nne ndo linaongoza kwa maswali, na la tatu, ambalo ndo tumeibiwa kweli, halina hata mtu wa kulilia.

2. Kuna vesheni ngapi?

Nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ya kwanza ni ya PS2, ilitoka Marekani tarehe 26 Oktoba 2004 na Ulaya siku tatu baadaye. PC na Xbox zikafuata Juni 2005. Baada ya ile kesi ya Hot Coffee ikatengenezwa vesheni ya 2 iliyosafishwa. Desemba 2013 ikaja ya simu, na hiyo ya simu ndo iliyochukuliwa ikapelekwa Xbox 360 mwaka 2014, yaani waliotoa hela kununua ya Xbox 360 walikuwa wanacheza gemu ya simu kwenye TV, inauma lakini ndo hivyo. Mwisho Novemba 2021 ikatoka Definitive Edition, ile iliyopambwa upya, ambayo ina swali lake, la 15.

Kwa hiyo mkibishana na mshkaji kwamba "San Andreas haina hicho kitu", kwanza ulizaneni kila mtu ana ipi. Nusu ya ubishi inaishia hapo.

3. Mbona ya PS2 ilikuwa na rangi ya machungwa machungwa na ya PC iko wazi tu?

Macho yako hayajakudanganya. Ya PS2 ilikuwa na rangi inayomwagwa juu ya picha nzima, ndo ile Los Santos, mji unaoanzia gemu, ya joto, moshi, jua la jioni linachoma. Ilipohamishiwa PC vitu vikawa visafi zaidi na vinaonekana kwa mbali zaidi lakini ule utando wa rangi haukuja wote. Kuna modi, yaani nyongeza inayotengenezwa na mashabiki, inaitwa SkyGfx inarudisha muonekano wa PS2 kwenye PC, iweke uone tofauti, mi nilipoiweka mara ya kwanza nilikaa tu nikiendesha baiskeli Grove Street bila kufanya misheni yoyote.

4. Ile ya kucheza watu wawili ilienda wapi?

Ilikuwepo, hukuota. Kwenye PS2 na Xbox kuna sehemu zina alama ya watu wawili inazunguka, mwenzako anachomeka padi ya pili mnaingia wote kwenye skrini moja, na mkiachana mbali gemu inakataa, inawavuta. Watu wengi hawakuijua kwa sababu kwenye mabanda padi ya pili ilikuwa ya mpira tu, nani akupe padi ya pili ya San Andreas wakati kuna foleni ya watu wanasubiri Winning Eleven.

PC hawakuipata, ya simu haina, Definitive Edition nayo haina.

5. Yangu ya kwenye simu haina redio, haina sauti za watu wakiongea, Rockstar walizikata?

Hapana kaka. Hiyo uliyodaunlodi ya MB mia kadhaa, iliyoandikwa "lite" na jina la jamaa wa YouTube, imekatwa na huyo jamaa. Gemu halisi ya PC mwaka 2005 ilikuwa inadai angalau GB 3.6 kwenye kompyuta, sasa ujiulize mtu ameiminya vipi ikaingia kwenye faili dogo hivyo, kilichotolewa ni sauti, redio, video za katikati ya misheni, wakati mwingine na picha zimepunguzwa mpaka CJ hana sura. Kisha mtu anakuja kuuliza kwa nini Big Smoke, rafiki yake CJ, anafungua mdomo hamna kitu kinatoka. Hiyo huwezi kuiita vesheni ya zamani wala beta, ni gemu iliyochinjwa tu.

## Kabla haijatoka

6. Ni kweli ilikuwa iwe ramani tatu tofauti?

Ndio, na hii haijatoka vijiweni. Obbe Vermeij, ambaye alikuwa mkuu wa ufundi Rockstar North kipindi hicho, ameisimulia mwenyewe mtandaoni miaka ya karibuni: mpango wa mwanzo ulikuwa kila mji uwe ramani yake, Los Santos peke yake, San Fierro peke yake, Las Venturas peke yake, na wewe unasafiri kwa treni au ndege kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Baadaye wakabadili mawazo wakaunganisha kila kitu kuwa nchi moja.

Hebu fikiria kidogo maana ya hilo. PS2 ina ramu ya MB 32, simu ya elfu themanini leo inaicheka, na kwenye hiyo MB 32 walitaka uendeshe gari kutoka mji mmoja mpaka mwingine bila kusubiri hata mara moja. Kwa ramani tatu kazi ingekuwa rahisi zaidi. Lakini tungekosa vile vijiji vya katikati, Mlima Chiliad, jangwa, ile safari ya usiku na pikipiki redio inaimba kantri na huoni taa hata moja, na ukimuuliza mtu anaikumbuka nini San Andreas mara nyingi anataja hizo sehemu za katikati kabla hajataja miji.

Alama za ule mpango mi naziona mpaka leo, japo hili ni langu, sijamsikia Vermeij akilisema: viwanja vya ndege unavyoweza kukata tiketi, treni na stesheni zake, na polisi wenye magari tofauti kila mji. Miji yenyewe pia imefungwa mwanzoni, ukivuka kabla ya muda wako unapewa nyota nne papo hapo.

7. Liberty City imo ndani ya San Andreas au haimo?

Kipande kimo. Kuna misheni moja, Saint Mark's Bistro, CJ anapanda ndege anaenda mpaka Liberty City, kuna theluji, anamaliza kazi anarudi. Huo sio mji mzima, ni kamtaa kadogo na mgahawa vilivyowekwa juu angani mbali na ramani ya kawaida, mchezaji asivione. Watu wameshafika huko bila misheni kwa kutumia ile njia ya swali la 8, unakuta mtaa upo, ukigusa pembeni unadondoka.

Kutokana na hilo ndo ukazaliwa uvumi kwamba Rockstar walikuwa wameweka Liberty City yote wakaikata. Kamtaa ni ka misheni, kamekuwa vile tangu mwanzo.

8. Ile ya kuruka na jetpaki ndani ya gym ni nini, na vile vyumba vinavyoonekana ni vya beta?

San Andreas haina vyumba ndani ya majengo. Ukiingia mlango wa duka, gemu inakuhamisha inakupeleka juu angani ambako vyumba vyote vimepangwa vinaelea. Wajanja wakagundua kwamba ukiingia gym ya Ganton, ukapiga chiti ya jetpaki, ule mkoba wa mgongoni wa kuruka nao, ukiwa ndani, kuna sehemu dari halizuii, unatoboa unatoka nje ya chumba, basi upo huko angani kwenye vyumba vyote.

Vingi ni vyumba vya kawaida ambavyo ungeviona kwenye misheni au ukienda kuiba usiku. Vichache havina mlango wowote duniani unaofika kwake, vimejengwa vikaachwa, na hivyo ndo unaweza kuviita vimekatwa kwa haki kabisa. Sababu kwa kila kimoja hatunayo, ila mtu yeyote aliyewahi kujenga nyumba kwa awamu anaelewa, unapiga msingi wa chumba cha nne halafu hela inaishia kwenye bati.

Angalizo tu: usisevu ukiwa umezunguka huko.

9. Ryder kuwa msaliti ni kitu kilichoongezwa dakika ya mwisho?

Hii ni nadharia ya mashabiki na naielewa. Big Smoke anasaliti, unapewa sababu, unapewa hotuba, unapewa misheni nzima ya mwisho ghorofa kwa ghorofa. Ryder anasaliti, halafu anakufa Pier 69 akikimbia na boti, CJ anaongea maneno mawili matatu, maisha yanaendelea. Mtu mliyeanza naye mtaani mkavamia naye nyumba za watu, hata msiba hana.

Kwa hiyo ukiniuliza kama imeandikwa vibaya, nakubali mia kwa mia. Ukiniuliza kama ni ushahidi kwamba kuna stori nyingine ilikatwa, hapo siendi, uandishi mwembamba sio faili lililofutwa.

10. Nimesikia GTA ilibadilishwa kwa sababu ya Septemba 11, ni hii?

Hiyo ni GTA III, ya 2001, na kwa vile watu wanazichanganya nitaisema hapa mara moja. Rockstar makao yao yalikuwa New York, gemu yenyewe ni ya mji unaofanana na New York, na ilikuwa imebaki wiki chache itoke. Ikasogezwa, ikatoka mwishoni mwa Oktoba 2001. Magari ya polisi yalibadilishwa rangi, yale ya mwanzo yalifanana mno na ya polisi wa New York, yakawa meusi na meupe. Misheni iliyokuwa inagusia magaidi ikaondolewa. Rockstar walisema mabadiliko yalikuwa madogo tu.

Kulikuwa pia na jamaa anaitwa Darkel, chokoraa wa mtaani mwenye chuki na mji wote, alikuwa anatoa misheni za fujo. Yeye katolewa, picha zake zilishatoka kabla ya gemu na mabaki yake yamo kwenye mafaili, ndo maana akawa maarufu kuliko angebaki. Watu wanasema katolewa kwa sababu ya Septemba 11 na kwamba ndege ya Dodo ilikatwa mabawa kwa sababu hiyo hiyo. La Dodo achana nalo kabisa, mabawa yake yalikuwa mafupi toka mwanzo, haikukusudiwa wewe uruke nayo.

## Hot Coffee

11. Hot Coffee ni nini? Nielezee bila aibu lakini kistaarabu.

CJ ana wapenzi, anawatoa out, mambo yakienda vizuri dada anamkaribisha ndani "kahawa". Kwenye gemu tuliyocheza kamera inabaki nje, unasikia sauti, nyumba inatikisika kidogo, basi. Ila mwanzoni kulikuwa na mchezo mdogo wa kubonyeza vitufe ndani ya hicho chumba, wahusika wakiwa kwenye tendo. Rockstar wakaamua kuuondoa kabla gemu haijatoka, ila badala ya kuufuta wakauzima tu, ukabaki ndani ya diski umelala.

Kwa watu wanaotengeneza gemu hilo ni jambo la kawaida. Ukifuta kipande kizima dakika za mwisho hujui kitaangusha nini kingine, unafunga mlango unaendelea na kazi. Tatizo mlango ulifungwa kwa kamba.

12. Si ni wadukuzi ndo walitengeneza?

Hivyo ndivyo Rockstar walivyojitetea mwanzoni. Juni 2005, siku chache tu baada ya gemu kutoka PC, ilitoka modi ndogo sana iliyofungua huo mchezo, na kampuni ikasema ni kazi ya wadukuzi. Maelezo hayo yalikufa pale watu walipofungua kitu kile kile kwenye PS2 kwa kifaa cha chiti. Diski ya PS2 huwezi kuiandika upya, ikitoka kiwandani ndo imetoka, kwa hiyo kama kipo kwenye diski basi aliyekiweka ni mwenye diski.

Baada ya hapo moto ukawaka. Hillary Clinton, akiwa seneta, akataka uchunguzi wa serikali. Tarehe 20 Julai 2005 bodi ya Marekani inayopanga umri wa gemu ikaipandisha San Andreas mpaka daraja la watu wazima pekee, maduka makubwa yakaitoa kwenye shelfu maana hayauzi gemu za daraja hilo, na Australia ikainyima kibali kabisa mwezi huo huo. Kesi zikafuata. Kilichonichekesha ni mwisho wake: walipofungua mlango wa wanunuzi "walioumizwa" kuja kudai fidia, kati ya mamilioni walionunua walijitokeza chini ya watu 2,700.

Sisi huku tulikuwa na CD za kuchoma, hakuna aliyekuja kutunyang'anya kitu.

13. Vesheni ya 2 ilitoa nini, na kwa nini kila modi inataka 1.0?

Iliondoa Hot Coffee, na waliokuwa na ya zamani wakapewa kiraka cha 1.01. Lakini kilichowakera watu wa modi sio Hot Coffee. Vesheni mpya ilibana milango mingi ambayo modi zilikuwa zinapitia, hata zile za heri kabisa za kubadilisha gari au nguo, kwa hiyo jamii nzima ikaganda kwenye 1.0, yaani ile ya kwanza kabisa ya PC, na mpaka leo modi nyingi zimeandikwa kwa ajili ya hiyo. Ukiwa kwenye PC angalia ukubwa wa faili la gta_sa.exe, ile 1.0 inayozunguka mitaani ina kama MB 14. Ikiwa ndogo zaidi ya hapo sana, huenda modi zikakusumbua mpaka uirudishe kwenye 1.0.

## Vilivyofutwa tukiwa tunaangalia

14. Nyimbo zangu za redio zimeenda wapi?

Leseni. Wimbo ndani ya gemu haununuliwi milele, unakodishwa kwa miaka kadhaa, na mwaka 2004 nani angejua watu watakuwa bado wanainunua San Andreas miaka kumi baadaye. Novemba 2014 wenye gemu kwenye Steam, duka la gemu za PC mtandaoni, wakapewa apdeti, wakafungua, nyimbo zaidi ya kumi hazipo. Hawakuuliza mtu, hawakurudisha hela. Watu wakalalamika pia kwamba sevu zao za zamani hazifunguki tena. Vesheni zilizouzwa baada ya hapo nazo zina redio pungufu, na GTA IV yalimkuta hayo hayo 2018, redio yake ya Kirusi ikawa kama imehamiwa na watu wengine.

Mi hili linaniuma kuliko Bigfoot wote duniani. Redio ndo ilikuwa gemu. Kuna watu huku kwetu nyimbo za fanki na roki za miaka ile wamezijulia San Andreas, hawajawahi kuzisikia sehemu nyingine, na CD iliyokwaruzwa uliyoinunua barabarani ina redio kamili kuliko ile halali ya leo.

15. Definitive Edition ilikata nini?

Muziki, rejea swali la 14. Wachezaji wawili, rejea la 4. Baadhi ya chiti, Rockstar walisema sababu ni za kiufundi.

Ila kilichokatwa ambacho hakimo kwenye orodha yoyote ni ukungu. Ule ukungu wa zamani tulidhani ni udhaifu wa PS2, na ni kweli ulikuwa unaficha kwamba mashine haiwezi kuchora mbali, lakini ulikuwa pia unaficha ukubwa wa ramani. Walivyoutoa 2021 ukapanda ndege ukaona miji yote mitatu kwa pamoja imebanana kama meza ya muuza nyanya, Mlima Chiliad ambao ulikuwa safari ukawa kichuguu nyuma ya jengo. Kitu hakikupungua hata mita moja lakini dunia ilinyauka. Baadaye walirudisha ukungu na mwanga wa kizamani, kwanza kwenye ile ya simu ya Netflix Desemba 2023, halafu sehemu nyingine Novemba 2024.

Halafu kituko: siku chache baada ya kutoka waliiondoa kwenye PC kwa muda, kwa sababu ndani yake yalisahaulika mafaili yasiyotakiwa kuwemo. Watu walikuta humo maelezo ya watengenezaji, nyimbo zisizo na leseni, na mabaki ya Hot Coffee. Miaka 16 na bado kahawa iko jikoni.

16. Ndege ya Skimmer imepotea kwenye gemu yangu! Nimeapdeti Windows tu!

Pole, na hili ni swali zuri kuliko yote humu, tulia nikueleze.

Gemu ina faili linaitwa vehicles.ide, kila chombo kina mstari wake, na mwishoni mwa mstari kuna namba za ukubwa wa magurudumu. Mstari wa Skimmer hauna hizo namba. Inaelekea ni kwa sababu kwenye Vice City, GTA iliyotangulia hii, Skimmer ilikuwa inahesabiwa kama boti, na boti haina magurudumu, ilipohamishiwa San Andreas ikafanywa ndege na mtu akasahau kuongeza. Sasa gemu ikifika kwenye huo mstari haikuti namba, na haina namba ya akiba, inachukua chochote kilichobaki kwenye ile sehemu ya kumbukumbu kutoka kwenye mstari uliopita. Uliopita ulikuwa wa gari la Topfun. Kwa hiyo miaka 20 Skimmer imekuwa ikiruka na saizi ya tairi za van iliyotangulia, kwa bahati tu, na hakuna aliyejua.

Windows 11 ilipotoa apdeti ya 24H2 ikabadilisha inavyotumia ile sehemu ya kumbukumbu, masalia yanafutwa kabla hayajasomwa, Skimmer ikaokota namba za ajabu. Ndo ikapotea. Ukilazimisha kuileta kwa modi, CJ anarushwa angani umbali ambao hata ramani haipo. Jamaa anayetengeneza SilentPatch, modi ya kurekebisha makosa ya gemu, ndo aliyelichimba hili 2025 mpaka akafika kwenye mzizi, na dawa ni kuweka hiyo SilentPatch yake. Windows haina kosa hapa, kosa lilikuwa la San Andreas tangu siku ya kwanza.

17. Ile ya VR itatoka lini?

Ilitangazwa Oktoba 2021 kwa ajili ya Quest 2, miwani ya VR ya kampuni ya Meta, na Agosti 2024 Meta wakasema imesimamishwa bila tarehe. Hiyo ni vesheni nzima iliyokatwa.

## Uvumi na vituko

18. Bigfoot?

Hayupo. Rockstar walishaulizwa wakati gemu bado mpya kabisa wakakana. Watu wamefungua mafaili yote kwa miaka 20, sura ya Bigfoot haimo. Ulichokiona msituni usiku ni mti, au mtu wa kawaida aliyeshindwa kupakia vizuri, au modi ya mwenye kompyuta. Rockstar wenyewe walisikia kelele zetu wakaja kutania kwenye GTA V, huko kuna misheni ya kumsaka na ukimkamata unakuta ni mtu kavaa vazi.

19. Lakini yale magari yanayotembea yenyewe msituni nimeyaona kwa macho yangu!

Hayo ni ya kweli. Kule Back o' Beyond kuna Glendale bovu, limebondeka, linashuka kilima bila dereva. Gari limewekwa kwenye mteremko, ukikaribia gemu inalipakia, mvutano unaanza kulifanyia kazi, linateleza. Hamna jini. Ila nakiri kwamba saa saba usiku, umeme unacheza, huo ufafanuzi haukusaidii.

20. Kwa nini ndege zinaanguka ovyo, ni misheni iliyokatwa?

Hapana, ni ndege zisizoona vizuri. Vermeij ameeleza na hili: gemu inazalisha ndege karibu yako ili anga lisiwe tupu, halafu inapima vikwazo vya mbele kwa uchache ili isiilemee mashine, kwa hiyo wakati mwingine jengo linaonekana ikiwa imechelewa. Ndo maana zinakuangukia hata ukiwa umesimama Grove Street kwa amani.

21. Mzimu wa mama yake CJ ndani ya nyumba?

Hamna. Endelea na maisha.

22. Nimeona video ya San Andreas yenye daladala na matatu, hiyo ni beta ya Afrika?

Hiyo ni modi, kazi ya vijana wetu, na baadhi ni nzuri kweli. Rockstar hawajawahi kuwa na daladala kwenye mpango wowote.

23. Ndugu yangu yuko Ujerumani anasema kwake maiti hazitoi hela, anadanganya?

Hadanganyi. Vesheni ya Ujerumani ilipunguzwa ukatili, vichwa havikatiki na ukiua mtu hela haidondoki. Mwambie aweke ya Uingereza.

24. Na juu kabisa ya lile daraja jekundu la San Fierro kuna nini? Nasikia kuna siri walisahau kuifuta.

Panda na jetpaki au helikopta mpaka kilele cha mnara, Gant Bridge. Kuna kibao kidogo. Kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba huku juu hakuna siri yoyote iliyofichwa, ondoka.